Mont Blanc na Watu Wanaoishi kwa Kuongoza Wageni

Mwezi Juni mwaka 1644, wakazi wa bonde la Chamonix, chini ya Mont Blanc, waliandamana nyuma ya Askofu Charles de Sales hadi ukingoni mwa barafu. Miaka hiyo barafu ilikuwa ikishuka kutoka mlimani. Ilikuwa imemeza mashamba, imebomoa nyumba, na kitongoji cha Les Bois kilikuwa kikihesabu siku. Askofu akaibariki barafu na kuomba irudi nyuma. Upande wa Uswisi, wanakijiji wa Fiesch na Fieschertal katika jimbo la Valais waliweka nadhiri ya aina hiyohiyo mwaka 1678, wakawa wanaisali kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2010 Vatikani iliwaruhusu kuigeuza sala yao. Sasa wanaomba barafu isiishe.

Msikilizaji, milima ya Alps ina mabonde mengi yenye majina makubwa, lakini mazungumzo ya leo yatakaa kwenye mlima mmoja na miji miwili inayouegemea: Chamonix upande wa Ufaransa na Courmayeur upande wa Italia. Kati yao upo Mont Blanc, na chini ya Mont Blanc lipo handaki la barabara lenye urefu wa kilomita 11.6, lililofunguliwa mwaka 1965. Kwa gari ni mwendo wa dakika chache. Kwa miguu, kwa njia inayouzunguka mlima, ni safari ya siku kadhaa inayopita nchi tatu.

Kilele chenyewe ni kofia ya barafu, hivyo urefu wake haukai mahali pamoja. Wapima ardhi wa Ufaransa huupima kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2023 walipata mita 4,805.59. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unauzidi kwa zaidi ya kilomita moja. Hata hivyo mtu mwenye afya njema aliyefika kilele cha Uhuru kwa miguu yake asidhani kwamba Mont Blanc utakuwa mchezo kwake. Kilimanjaro kwa njia za kawaida ni mlima wa kutembea. Mont Blanc ni mlima wa kamba kiunoni, shoka la barafu mkononi na vyuma vya meno chini ya buti, huku nyufa zikiwa zimefichwa na theluji na mawe yakiporomoka mchana jua linapopanda. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa kazi ambayo mabonde haya yanaishi kwayo hadi leo, yaani kazi ya kuongoza watu mlimani.

Kabla ya kazi hiyo kuwapo, watu wa Chamonix walikuwa wafugaji, wawindaji wa wanyama wa milimani na wachimbaji wa vito vya mawe angavu. Mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alifika mwaka 1760 akatangaza zawadi kwa yeyote atakayempatia njia ya kufika kileleni. Robo karne ikapita. Tarehe 8 Agosti 1786, jioni, watu wawili wa bonde hilo walisimama juu: Jacques Balmat, mtafuta vito, na Michel-Gabriel Paccard, daktari wa mji. Hawakuwa na kamba wala shoka la barafu. Mikononi walikuwa na fimbo ndefu tu. Mwaka uliofuata Saussure alipanda mwenyewe akiwa na waongozaji 18, akafika juu na kuanza kupima hewa kwa vyombo vyake. Mwaka 1808 akapanda Marie Paradis, binti wa bonde hilohilo, mwanamke wa kwanza kufika kileleni.

Sifa hazikugawanywa sawa. Balmat alipewa zawadi na jina, na mwaka 1887 mji ukasimamisha sanamu inayomwonyesha akimwelekeza Saussure kilele kwa kidole. Daktari Paccard, aliyefika juu siku ileile na saa ileile, alisubiri sanamu yake hadi 1986, miaka mia mbili kamili baada ya safari. Mgeni wa Chamonix ataziona zote mbili kwa matembezi mafupi katikati ya mji.

Kazi ya kuongoza ilipata sheria zake baada ya msiba. Mwaka 1820 mtaalamu wa sayansi kutoka Urusi, Dakta Hamel, alisisitiza kuendelea na safari ingawa hali ya hewa ilikuwa mbaya. Poromoko la theluji likawachukua waongozaji watatu. Mwaka uliofuata, 1821, wenzao waliunda Kampuni ya Waongozaji ya Chamonix, chama cha kwanza cha namna yake duniani. Kanuni zake zilikuwa wazi. Wageni waligawiwa kwa zamu, ili mwenye maneno mengi asimpokonye riziki mwenzake aliye kimya. Bei ilipangwa na chama. Sehemu ya mapato iliwekwa kwenye mfuko wa kusaidia wajane na yatima wa waliofia mlimani. Kwa zaidi ya karne moja uanachama ulikuwa wa wazaliwa wa bonde peke yao. Roger Frison-Roche, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mwandishi, ndiye mtu wa nje wa kwanza kukubaliwa, mwaka 1930. Kila tarehe 15 Agosti waongozaji hukusanyika kwa sherehe yao, na kamba na mashoka ya barafu hubarikiwa mbele ya umma.

Siku hizi haitoshi kuzaliwa bondeni. Mwongozaji wa Ufaransa hupitia mafunzo ya miaka kadhaa katika shule ya taifa iliyoko hapohapo Chamonix, ijulikanayo kama ENSA, na hawezi kufanya kazi bila cheti cha serikali. Anasoma theluji, hali ya hewa, uokoaji na huduma ya kwanza, na anatakiwa awe hodari wa miamba, barafu na skii kwa pamoja. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza upandaji milima wa Ufaransa, Italia na Uswisi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Upande wa pili wa mlima, Courmayeur iliunda chama chake mwaka 1850. Ni kwenye chama hicho ndipo historia ya Alps inapokutana na historia ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1899 mwanajiografia Mwingereza, Halford Mackinder, alitaka kuupanda Mlima Kenya. Aliwachukua watu wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Tarehe 13 Septemba watatu hao walifika Batian, mita 5,199. Mackinder ndiye aliyekipa kilele jina la Mbatian, laiboni mkuu wa Wamasai. Mito miwili midogo ya barafu ya mlima ule ikapewa majina ya waongozaji: Cesar na Joseph. Lakini msafara haukuwa wa watu watatu. Ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili wa kuonyesha njia. Na katika kumbukumbu zake, mbele ya majina ya wapagazi wanane Waswahili, imeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Kwa miongo mingi jambo hilo halikutajwa popote kila safari ile iliposifiwa.

Miaka saba baadaye Ollier na Brocherel walirudi Afrika pamoja na mwenzao Joseph Petigax, safari hii na Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia. Tarehe 18 Juni 1906 walifika Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele hicho kinaitwa kwa jina la malkia mama wa Italia wa wakati huo. Anayefika Courmayeur anaweza kuingia katika jumba la makumbusho la waongozaji, lililofunguliwa mwaka 1929 na kupewa jina la Duke huyo, akaona kumbukumbu za safari zilizowapeleka wanakijiji wa milimani hadi pembe za mbali za dunia.

Kilimanjaro nao una uzi wake wa Alps. Ludwig Purtscheller, aliyefika juu pamoja na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mwalimu kutoka Austria na mmoja wa wapandaji hodari wa Alps wa zama zake. Anayetajwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia ya kupenya msituni ni kijana Mchaga, Yohani Kinyala Lauwo. Kama ilivyokuwa kwa daktari Paccard, jina lake lilikuja kutajwa kwa heshima baada ya muda mrefu mno. Tofauti ni kwamba Chamonix ya 1821 iliwapa waongozaji wake chama, zamu, bei na mfuko wa wajane. Wapagazi wa Kilimanjaro, wale wanaoitwa wagumu, wamelipigania jambo hilohilo hadi kizazi hiki.

Basi mgeni afanye nini akifika? La kwanza ni kutembea. Njia ya kuuzunguka Mont Blanc ina urefu wa takriban kilomita 170, na wengi huimaliza kwa siku saba hadi kumi na moja. Haifiki kwenye barafu ya juu, kwa hiyo haihitaji kamba. Inahitaji magoti mazima, maana jumla ya kupanda ni kama mita 10,000. Mtembezi huingia Italia kupitia Col de la Seigne, mita 2,516, ambapo mnara wa granite wa mlima hujitokeza kwa upande ambao Chamonix haiuoni. Huingia Uswisi kupitia Grand Col Ferret, mita 2,537. Kwenye mipaka hiyo hakuna geti wala askari, kuna mawe ya mpaka na upepo.

Usiku analala kwenye nyumba za mapumziko za milimani, kama ile inayoitwa kwa jina la mpandaji mashuhuri Walter Bonatti, juu ya bonde la Ferret. Maisha ya humo yana adabu zake. Buti huachwa mlangoni. Chakula cha jioni huliwa kwa pamoja, saa moja hivi, meza ndefu, watu wasiojuana wakipasiana bakuli. Vitanda vipo vingi katika chumba kimoja, na kila mgeni huja na shuka lake la kujifunika. Kufika saa nne usiku taa zimezimwa, kwa sababu wapandaji wa barafu huamka saa nane au saa tisa za usiku ili watembee kabla jua halijailainisha theluji.

Upande wa Italia mgeni kutoka Afrika Mashariki atakutana na sima. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa, tena nyumba nyingi za milimani huusonga polepole kwenye sufuria kubwa, kisha huchanganywa na siagi na jibini la Fontina. Jibini hilo hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa Bonde la Aosta, mkoa wenye Courmayeur, na hulala kwa takriban miezi mitatu kabla ya kuuzwa. Mkate wa asili ni mweusi, wa nafaka iitwayo rai. Zamani vijiji viliuoka mara moja kwa mwaka katika tanuri la jumuiya, ukakauka na kuwa mgumu kiasi kwamba palihitajika kisu maalumu cha kuukatia. Tanuri hizo bado zipo, na kila vuli vijiji vingi huziwasha kwa sherehe.

Ng'ombe wenyewe wana heshima yao. Kila mwaka Bonde la Aosta hufanya mashindano ya ng'ombe majike, yaitwayo mapambano ya malkia. Msikilizaji wa Kakamega, aliyezoea mafahali, ajue kwamba huku wanaopimana nguvu ni majike, na mara nyingi huwa na mimba. Tabia hiyo ni ya asili: kundi linapopandishwa malishoni, majike husukumana kwa pembe hadi ijulikane nani kiongozi. Anayeshindwa hugeuka na kuondoka, na pambano limekwisha. Fainali hufanyika mjini Aosta mwezi Oktoba, na mshindi hurudi kijijini na kengele shingoni na shada kichwani. Wiki chache kabla ya hapo, mwishoni mwa Septemba, makundi huwa yameteremshwa kutoka malisho ya juu, ng'ombe wakiwa wamepambwa maua, na barabara hufungwa ili wapite. Uhamishaji huo wa mifugo kwa misimu nao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2019.

Kwa lugha, Bonde la Aosta, lenye mamlaka yake ya ndani tangu 1948, hutumia rasmi Kiitaliano na Kifaransa, na vijijini wazee huzungumza lahaja ya zamani inayosikika pia upande wa Savoie nchini Ufaransa na Uswisi. Watu wa nchi hizo tatu walikuwa wakioana na kuuziana jibini kupitia njia za juu muda mrefu kabla ya handaki. Njia ya juu ya Great Saint Bernard, kati ya Bonde la Aosta na Uswisi, ina nyumba ya watawa iliyojengwa kwenye karne ya 11, kwenye kimo cha mita 2,469, kwa ajili ya kuwaokoa wasafiri. Napoleon alipita hapo na jeshi lake mwezi Mei 1800. Watawa bado wanapokea wageni hadi leo. Mwishoni mwa Januari, tarehe 30 na 31, mji wa Aosta hujaa mafundi wa mbao na mawe kwa ajili ya gulio la Mtakatifu Orso.

Anayependa wanyama aende Gran Paradiso, kusini mwa Aosta. Mbuzi wa porini wa Alps, mwenye pembe ndefu zilizopinda kama mundu, alikuwa amekwisha karibu kila mahali kwa kuwindwa. Mwaka 1856 Mfalme Vittorio Emanuele II alilifanya eneo hilo kuwa pori lake la kuwindia, na askari wake wakawazuia majangili. Kwa hiyo tamaa ya mfalme ya kuwinda ndiyo iliyomnusuru mnyama. Mwaka 1922 pori hilo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Italia, na mbuzi wote wa aina hiyo walioenea Alps leo ni uzao wa wale waliosalia hapo. Mwaka 1906 Waswisi walianza kuwapata kwa njia ya magendo, watoto wa mbuzi wakivushwa mpaka kwa siri, ili kuwarudisha kwenye milima yao.

Tumbusi mwenye ndevu, ndege anayedondosha mifupa kwenye mawe ipasuke apate uboho, hakuwa na mfalme wa kumlinda. Watu waliamini kwamba anaiba kondoo na hata watoto, wakawaua wote. Wa mwisho katika Bonde la Aosta alipigwa risasi mwaka 1913. Mwaka 1986 wataalamu walianza kuachia makinda katika Alps, kwanza Austria, na mwaka 1997 kifaranga wa kwanza aliyezaliwa porini aliruka Haute-Savoie, jimbo lenye Chamonix. Ndege huyohuyo anaishi pia kwenye milima ya Afrika Mashariki, ingawa ni adimu.

Michezo ndiyo iliyoipa Chamonix jina la pili. Kuanzia tarehe 25 Januari hadi 5 Februari 1924 mji huo ulipokea nchi 16 kwa kile kilichoitwa wiki ya kimataifa ya michezo ya majira ya baridi. Baadaye ikatambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira hayo. Msichana wa Norway wa miaka 11, Sonja Henie, alimaliza wa mwisho katika kuteleza kwa madaha kwenye barafu, kisha akaja kutwaa dhahabu tatu katika Olimpiki zilizofuata. Afrika Mashariki ilichelewa kufika, lakini ilifika. Mkenya Philip Boit alikimbia kwa skii Nagano 1998, na akashiriki tena Torino 2006, mashindano ya mbio zake yakifanyika katika Alps za Italia. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii ya mteremko mwaka 2018.

Kwa mguu bila skii, Wakenya hawana cha kujifunza. Patrick Kipngeno alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima huko Innsbruck, katika Alps za Austria, mwaka 2023. Mwaka huohuo Philemon Kiriago alishinda Sierre-Zinal, mbio za kilomita 31 katika jimbo la Valais, ambazo huvuta wakimbiaji bora wa milimani tangu 1974.

Mbio kubwa kuliko zote za eneo hili ni UTMB, zinazouzunguka Mont Blanc kwa mkupuo mmoja kila mwisho wa Agosti, takriban kilomita 170 kupitia nchi tatu. Zilianza mwaka 2003 na mvua kubwa; kati ya mamia walioanza ni 67 tu waliomaliza, wa kwanza akiwa Dawa Sherpa kutoka Nepal. Leo hukimbia watu zaidi ya elfu mbili, na wanaotaka nafasi ni wengi kiasi kwamba hupigwa bahati nasibu. Mhispania Kilian Jornet alikuwa wa kwanza kushuka chini ya saa 20, mwaka 2022. Wa mwisho hupewa saa 46 na nusu, na hupigiwa makofi kama wa kwanza.

Asiyetaka jasho ana magari yanayoning'inia kwenye nyaya. Kutoka Chamonix gari la Aiguille du Midi, lililofunguliwa 1955, humfikisha mtu kwenye mita 3,842 kwa kama dakika 20. Kutoka Courmayeur, gari lililofunguliwa 2015 huzunguka polepole likipanda hadi Punta Helbronner, mita 3,466. Hapo juu tahadhari inahitajika. Mwili haukupewa muda wa kuzoea, kichwa huweza kuuma na pumzi kukata. Ni vyema kutembea taratibu, kunywa maji na kushuka dalili zikizidi.

Treni ya meno ya Montenvers, iliyoanza kazi katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, hupeleka wageni kuitazama Mer de Glace, mto mrefu kuliko yote ya barafu nchini Ufaransa. Hapo ndipo sala ya 1644 inapotimia kupita kiasi. Mwaka 1988 kituo cha magari ya nyaya kilijengwa karibu na barafu, na mgeni alishuka ngazi chache tu kufika kwenye pango lililochongwa ndani yake. Barafu ikaendelea kupungua kimo, ngazi zikaongezwa mwaka hadi mwaka, zikapita 500. Mwaka 2024 kilifunguliwa kituo kipya, juu zaidi bondeni, kuifuata barafu iliko.

Barafu inayoyeyuka hurudisha ilichomeza. Miili ya waongozaji wa 1820 ilianza kutokea chini ya mto wa barafu wa Bossons mwaka 1861, karibu na wakati ambao mtaalamu wa Uskoti, James Forbes, alikuwa ametabiri kwa hesabu za mwendo wa barafu. Mwaka 2013 mpandaji alikuta hapo sanduku la zumaridi, yakuti na rubi, linaloaminiwa kuwa lilitoka kwenye ndege ya Air India iliyoanguka mwaka 1966. Akalipeleka polisi. Mwaka 2021 vito viligawanywa kati yake na mji wa Chamonix.

Si kila barafu inaondoka kwa upole. Tarehe 3 Julai 2022 kipande cha barafu ya Marmolada, mashariki ya Alps za Italia, kiliporomoka na kuua watu 11. Tarehe 28 Mei 2025 mlima na barafu vilifunika kijiji cha Blatten katika Valais. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla kwa sababu wataalamu walikuwa wakiutazama mlima usiku na mchana. Juu ya bonde la Ferret, jirani na Courmayeur, barafu ya Planpincieux hupimwa kwa rada, na mwaka 2019 na 2020 meya alifunga barabara. Waongozaji nao wamebadili kazi: njia zilizopandwa Agosti sasa hupandwa Juni, na nyingine zimeachwa kabisa. UNESCO ilitoa taarifa mwaka 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimetoweka ifikapo mwaka 2050. Ile iliyopewa jina la Cesar na ile ya Joseph zimepungua mno.

Tatizo lingine ni umati. Njia ya kawaida ya Mont Blanc ilijaa hadi mwaka 2019 ikawekwa sheria kwamba hapiti mtu bila kitanda alichokilipia kwenye nyumba za mapumziko, na kupiga hema ni marufuku. Kiangazi kile Mwingereza mmoja alikuwa amebeba mashine ya mazoezi ya kupiga kasia, akaitelekeza kwenye kibanda cha dharura kilicho zaidi ya mita 4,300. Meya wa Saint-Gervais, mji ambako njia hiyo huanzia, alimwandikia Rais Macron kulalamika.

Uokoaji upo, na una historia yake. Baada ya vijana wawili, Vincendon na Henry, kufa polepole kwenye theluji wakati wa Krismasi ya 1956 huku nchi nzima ikifuatilia, Ufaransa iliunda mwaka 1958 kikosi maalumu cha askari wa milimani, PGHM. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote tatu. Upande wa Ufaransa uokoaji wa kikosi hicho haulipiwi. Uswisi hulipiwa, na helikopta haina bei ya huruma, kwa hiyo bima isiachwe nyumbani.

Kwa msikilizaji wa Tanzania, Kenya au Uganda, viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima inayotakiwa ni ya kuanzia euro 30,000. Uwanja wa ndege wa karibu ni Geneva, na mabasi ya moja kwa moja huenda Chamonix. Anayetaka kuvuka kwa handaki mwezi Septemba hadi Desemba aulize kwanza, kwani mwaka 2024 na 2025 lilifungwa miezi hiyo kwa matengenezo. Nyumba za njia ya mzunguko hufunguliwa kati ya Juni na Septemba, na vitanda vya Julai na Agosti huisha mapema, hivyo atakayeanza kutafuta Januari hajafanya haraka kupita kiasi. Septemba ya mwanzo ndiyo bora: joto limepungua, umati umeondoka, ng'ombe wanakaribia kushuka. Na katika bajeti yake atenge siku moja ya mwongozaji wa Chamonix au Courmayeur, hata kama hana nia ya kufika kileleni. Ofisi zao ziko katikati ya miji hiyo miwili, na bei imebandikwa wazi.